Vespa ya zamani nyanda za juu: soma dalili kabla hujafungua injini

Vespa iliyokuwa ikienda vizuri Dar es Salaam ikipandishwa Mbeya haikawii kuanza vituko. Moshi unaongezeka, plagi inajaa masizi, mlima wa kawaida unaimaliza nguvu, na petroli inainywa kuliko zamani. Mwenyewe akiipeleka kwa fundi aliyezoea pikipiki za siku hizi, jibu huwa limeshaandaliwa: "Mzee, ringi zimekwisha hizi." Silinda inafunguliwa, ringi mpya zinawekwa, injini inafungwa, na vituko viko palepale.

Kilichobadilika ni hewa. Mbeya mjini iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa mita 1,600 hivi, Njombe inakaribia 2,000, na ukipanda Kitulo unavuka 2,600. Kwenye mita 1,700 hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 15 hivi. Kabureta ya zamani haina kifaa cha kuligundua hilo. Inaendelea kumimina petroli karibu ileile huku hewa imepungua, kwa hiyo mafuta yanazidi.

Hapo ndipo tunapopata kanuni ya kutafutia ugonjwa huku kwetu. Mlima daima unasukuma upande mmoja tu, wa mafuta kuzidi. Ukikuta plagi nyeupe, yaani hewa ndiyo iliyozidi, na jeti (kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli) ni ya kiwandani, usikimbilie jeti kubwa zaidi. Mlima hauwezi kuleta dalili hiyo. Ama njia ya petroli imeziba, ama kuna mahali injini inavuta hewa ya wizi, na ukiongeza jeti utakuwa umeufunika ugonjwa mpaka siku injini itakaponoki, yaani pistoni kukwama ndani ya silinda.

Ninayoyaandika yanahusu zaidi Vespa za P zilizoanza kutoka kiwanda cha Piaggio kule Pontedera, Italia, mwishoni mwa miaka ya 1970, hasa P150X na PX150. Mwenye Bajaj Chetak au LML ya tustroku (injini inayowaka kila mzunguko) anaweza kufuata karibu yote, maana ni ukoo mmoja. Namba za jeti tu asome za kabureta yake mwenyewe.

Masizi, uzito, mlio unaoruka

Mafuta yakizidi, injini ya baridi inawaka vizuri ila ikipata moto inakuwa nzito. Ukifungulia resi yote kwenye tambarare mlio unaanza kuruka, unasikika kama wa foostroku, kwa sababu mchanganyiko hauwaki kila mzunguko: mmoja unawaka, unaofuata unapita bure. Plagi inatoka nyeusi na kavu, masizi yanabaki kidoleni.

Kipimo cha bure ni choki. Injini ikiwa moto, ukitembea kwa resi ya kati, vuta choki kidogo. Ikizama zaidi, mafuta yalikuwa yamezidi tayari. Ikichangamka, hewa ndiyo iliyozidi, na hapo ruka moja kwa moja hadi sehemu ya hewa ya wizi hapa chini, "Silensa haikai, resi inapanda yenyewe".

Kuona jeti, fungua mfuniko wa boksi la kabureta kisha skrubu mbili ndefu zinazoshika chujio la hewa. Chini yake utakuta jeti kubwa imesimama, inatoka kwa bisibisi bapa. Ina vipande vitatu vilivyochomekana: cha juu cha hewa chenye namba 160, cha katikati kilichoandikwa BE3, na cha chini ndicho jeti yenyewe ya petroli. Kwenye PX150 yenye kabureta ya Dell'Orto SI 20/20 utakuta 100 au namba ya jirani yake. Namba hiyo ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo 100 ni tundu la milimita moja kamili.

Kushusha kiasi gani? Hewa ikipungua kwa asilimia 15, mafuta hayazidi kwa 15. Mvuto unaoinyonya petroli nao unalegea, kwa hiyo yanazidi kwa 8 hivi. Ukitaka eneo la tundu lipungue kwa asilimia 8, kipenyo kinapungua kwa 4 tu. Kutoka 100 unafika 96. Shuka kwanza hadi 98, tembea, soma plagi, ndipo uende 96. Anayekushauri 90 eti "iwe nyepesi" anakutakia hasara ya pistoni.

Silensa, yaani mwendo wa injini resi ikiwa imeachiwa, nayo irekebishwe. Skrubu ya mchanganyiko iko nyuma ya boksi, imefichwa na kizibo cha mpira ambacho mara nyingi kimeshapotea. Ifunge taratibu hadi igote, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Kuifungua kunaongeza petroli, kuifunga kunapunguza, na Mbeya mara nyingi itatulia ikiwa imefungwa kidogo kuliko pwani. Rekebisha injini ikiwa moto, ndipo uguse ile ya juu inayopandisha na kushusha silensa.

Wapo wanaotoa chujio la hewa ili "ipumue". Ukilitoa, hesabu yote ya jeti inaharibika, na vumbi la barabara ya Makete litafanya kazi ya msasa ndani ya silinda.

Kusoma plagi kuna utaratibu wake. Ukiitoa baada ya kukaa kwenye foleni ya Mafiati itakuambia habari za silensa tu. Panda mlima mrefu, Kawetere kwa mfano, kwa resi nyingi, halafu kwa pamoja shika klachi na uzime injini, egesha pembeni, utoe plagi. Petroli ya siku hizi haina risasi, na haiachi rangi nzito kama zile za kwenye picha za vitabu vya zamani. Chungulia ndani kabisa, pale kauri inapoingia kwenye chuma. Kahawia hafifu inatosha.

Imekaa bandani miaka, haiwaki

Usianze kwa kiki. Pistoni iliyolala muda mrefu ina kutu kwenye ukuta wa silinda, na kiki ya hasira inavunja ringi. Toa plagi, tia oili ya tustroku kijiko kimoja, iache ilale, kesho yake zungusha magneti kwa mkono. Ikizunguka laini, endelea.

Mwaga petroli yote ya zamani, hata kama inanuka vizuri. Petroli iliyokaa inaacha utando wa gundi kwenye jeti, na kwa baridi ya usiku ya huku tangi lililo nusu linakusanya maji kwenye kuta, kisha kutu. Tangi lenye kutu tia mafuta ya taa na kipande cha mnyororo, tikisa hadi mikono ichoke, suuza. Jeti usizitoboe kwa waya. Tumia upepo, na pakikataa tumia uzi wa nailoni, maana waya unapanua tundu na ile hesabu ya 96 na 98 inakuwa haina maana tena. Pale mpira wa petroli unapoingilia kwenye kabureta, chini ya kifuniko chake kidogo, kuna kichujio cha wavu ambacho mafundi wengi hawajui kama kipo. Mara nyingi ugonjwa wote umelala hapo.

Kisha cheche. Plagi ya 125 na 150 ni ya thredi fupi, aina ya NGK B7HS au inayolingana nayo, nafasi milimita 0.6. P200E inataka thredi ndefu. Ukitia ndefu kwenye 150, pistoni itaigonga. Laza plagi kwenye chuma cha silinda hedi, piga kiki, tazama.

Kama cheche haipo na Vespa yako ni ya CDI, yaani cheche ya kielektroniki isiyo na pointi, jambo la kwanza ni kuchomoa waya wa kijani unaokwenda kwenye swichi. Huo kazi yake ni kuzima injini kwa kugusa bodi, na kwenye chombo cha miaka arobaini mara nyingi umechunika mahali na unaizima muda wote. Cheche ikirudi, umemaliza bila kununua kitu. Isiporudi, chukua mita, ile ya bei rahisi inatosha, upime nyaya zinazotoka kwenye koili za magneti: kijani na nyeupe zisomeke karibu na omu 500, nyekundu na nyeupe karibu na omu 110. Mita ikionyesha waya umekatika, au namba iko mbali kabisa, tatizo liko chini ya magneti. Zikisomeka sawa, shuku boksi la CDI lenyewe. Tazama pia ganda la nyaya hizo. Kwenye nyingi za miaka ya 1980 linapukutika likikunjwa, na hapo dawa ni nyaya mpya. Gundi ya karatasi haisaidii.

Za zamani zaidi zina pointi, vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke. Zisugue kwa msasa laini, zifute kwa kitambaa kikavu, weka nafasi ya milimita 0.4. Kondensa ibadilishe tu. Ni kitu kidogo, na kuipima kwa uhakika ni kazi kubwa kuliko bei yake.

Cheche ipo, petroli inafika, bado kimya? Toa plagi. Ikiwa kavu kabisa baada ya kiki nyingi, petroli haiingii ndani hata kama inafika kwenye kabureta. Ikiwa imelowa chapachapa, funga petroli, fungulia resi yote, piga kiki plagi ikiwa nje, anza upya. Asubuhi za Juni na Julai usione aibu kuvuta choki hadi mwisho. Baridi ya Mbeya miezi hiyo si ya mchezo, ya Makete usiseme.

Inawaka, inatembea kidogo, inazima

Ikikuzimia njiani, kabla hujafanya lolote fungua mfuniko wa tangi na utege sikio. Ukisikia hewa inaingia kwa mluzi, tundu la kupumulia la mfuniko limeziba. Lizibue kwa pini, safari iendelee.

Kama si hilo, toa plagi papo hapo injini ikiwa ya moto utazame cheche. Imekufa, na baada ya kupoa inarudi? Kwenye yenye pointi ni kondensa, au koili. Kwenye CDI ni zile koili za magneti au nyaya zake. Ikizima wakati wa mvua tu, na Tukuyu mvua haina msimu wa kupumzika, angalia kofia ya plagi na waya wake usiku gizani. Utaona cheche inavyokimbilia kwenye chuma.

Silensa haikai, resi inapanda yenyewe

Hapa ndipo penye hatari, na hapa ndipo mafundi wa foostroku wanapopotea, kwa sababu kwenye tustroku sehemu ya chini ya injini, kasha la krenki, ni sehemu ya njia ya hewa. Mchanganyiko unapita mle kabla ya kupanda kwenye silinda. Ufa wowote, gasketi au sili iliyokauka, inaingiza hewa ambayo kabureta haikuihesabu, na hewa hiyo haikuja na petroli wala oili.

Dalili zake zinajulikana. Unaachia resi injini inachelewa kushuka, au inapanda peke yake. Silensa uliyoiweka ikiwa moto kesho yake iko kwingine. Inawaka vizuri choki ikiwa imevutwa tu. Injini inachemka kuliko kawaida, na plagi ni nyeupe. Huku juu, kwa jeti ya kiwandani, plagi nyeupe ni ushahidi mzito kuliko ilivyo Tanga.

Kabla ya lawama nyingine hakikisha kebo ya resi haijakwama, hasa ukikata kona. Usukani ukikatwa resi ikapanda, kebo ni fupi au imepitishwa vibaya.

Halafu nenda kwa bolti mbili zinazoishikilia kabureta. Watu wanazikaza kwa nguvu za kufungia tairi la Scania. Kabureta ya SI ni laini, inapinda, kilango chake kinakwama na gasketi ya chini inaacha mwanya. Itoe, ilaze juu ya kioo cha dirisha, uone kama inacheza. Ikicheza, isugue kwa msasa uliolazwa juu ya kioo hicho hadi ikae bapa, na safari hii kaza kwa adabu.

Gasketi ya chini ya silinda na ya silinda hedi zijaribu kwa maji ya sabuni na brashi, injini ikiwa kwenye silensa. Penye mwanya mlio utabadilika, au mapovu yatacheza.

Kinachobaki ni sili mbili za krenki, moja upande wa magneti, nyingine upande wa klachi. Ya magneti ndiyo inayovuta hewa ya nje. Toa magneti kwa kifaa chake cha kuvutia, si kwa nyundo, utazame nyuma ya bamba la koili. Pakiwa na unyevu wa mafuta meusi, sili imekwisha. Kabla ya kulitoa bamba hilo chora alama kwa ncha ya bisibisi kati yake na kasha, ili taiming irudi ilipokuwa.

Ukitaka uhakika bila kubahatisha, kuna kipimo cha presha ambacho hakihitaji kifaa cha gereji kubwa. Mashine ya zamani ya kupimia presha ya damu, ile ya kupampu kwa mkono, ina mizani hadi 300, na milimita 300 za zebaki ni karibu bari 0.4, ambayo ndiyo presha inayofaa kasha la krenki. Ziba mdomo wa ekzosi kwa mpira na klampu. Toa kabureta, ziba tundu lake kwa bati lenye mpira chini yake. Chukua plagi mbovu, ng'oa kauri yake, chomekea mpira wa mashine, uifunge mahali pake. Pistoni iwe chini kabisa ili njia za pembeni za silinda zifunguke na presha ifike kwenye krenki. Pampu hadi 250, funga, subiri dakika kadhaa. Ikishuka polepole sana, si mbaya. Ikianguka mbele ya macho yako, pitisha maji ya sabuni kila mahali. Kama mapovu hayaonekani popote, fungua nati ya kujazia oili ya gia utege sikio: presha inapita sili ya klachi na kutokea humo.

Mashine hiyo baada ya hapo usiirudishe kwa bibi.

Moshi mweupe usiokatika

Mvuke mweupe wa dakika za kwanza asubuhi ya baridi ni maji, uache. Moshi mweupe mzito unaoendelea injini ikiwa moto, wenye harufu ya oili iliyoungua na si ya petroli, ni sili ya upande wa klachi. Injini inavuta oili ya gia na kuichoma.

Kuthibitisha, mwaga oili ya gia, tia mpya mililita 250 za SAE 30 ya kawaida, tembea siku chache, mwaga kwenye chupa yenye vipimo. Zikipungua sana na chini hakuna tone lililovuja, zimetokea bombani. Kuibadilisha sili hiyo ni kupasua kasha la injini zima. Ukishafika huko badilisha sili zote mbili, beringi za krenki na gasketi kwa mkupuo mmoja, kwa sababu hutapenda kurudi tena.

Moshi wa buluu kidogo ni haki ya tustroku. Ukizidi, uliza kwanza nani amechanganya oili. Kipimo ni asilimia 2, mililita 20 kwa lita, yaani 100 kwa lita tano. Vespa nyingi za miaka ya 1950 zilitaka zaidi, asilimia 5, na wazee wengine bado wanachanganya kwa kumbukumbu hiyo. Oili ya 2T haikosekani Mafinga wala Makete kwa sababu ya wapasua mbao na chenso zao. Ila soma kopo vizuri, maana dukani humohumo wanauza oili ya kulainishia mnyororo wa chenso, na hiyo isiingie tangini kamwe. Kama Vespa yako ina tangi lake la oili na pampu, tangi la kwanza la petroli baada ya kuifufua changanya kwa mkono vilevile, mpaka uone kwa macho kwamba oili kwenye tangi lake inapungua.

Mlima inaukataa

Hapa tenganisha mambo mawili. Injini inalia juu lakini mwendo hauongezeki, hiyo ni klachi inateleza. Injini yenyewe haipandi mlio, hiyo ni pumzi.

Klachi: legeza kwanza kebo, iwe na mchezo kidogo kwenye mkono. Kebo iliyokazwa sana inaishikilia klachi nusu wazi. Kisha oili: klachi hii inaogelea kwenye oili ya gia, na oili za magari zenye viungo vya kupunguza msuguano zinaifanya iteleze. Zikipita hizo mbili, ni sahani za koki na springi. Sahani mpya zilowekwe kwenye oili usiku kucha kabla ya kufungwa. Kinyume chake, ukishika klachi nayo chombo kinasukuma mbele, sahani zimegandana kwa kukaa. Funga mkono wa klachi kwa kamba usiku, asubuhi zitakuwa zimeachana.

Pumzi: baada ya jeti, anza na ekzosi. Bomba la tustroku linajaa kaboni ya oili, na likiziba injini inawaka vizuri, silensa safi, ila ikifika mwendo fulani inagoma kana kwamba kuna mtu ameishika shati. Itoe, uitikise, uipime uzito kwa mkono dhidi ya nyingine. Kuna wanaoichoma kwenye moto wa kuni hadi iwe nyekundu. Mimi napendelea kostiki soda ya watengeneza sabuni, ndani ya maji, usiku mmoja, glavu na miwani zikiwa zimevaliwa. Mwaga na suuza mara nyingi. Isiguse aluminiamu, itaila. Mdomo wa silinda nao ukwangue kaboni kwa kijiti cha mbao, pistoni ikiwa imefunika tundu.

Ringi ndizo za mwisho kushukiwa. Simama juu ya kiki kwa uzito wako: ikishuka taratibu kwa ukinzani, ringi zinafanya kazi, ikizama kama haina kitu, fungua. Ringi mpya ichomeke peke yake kwenye silinda upime mwanya wa ncha zake, uwe kati ya milimita 0.2 na 0.35.

Halafu kuna mlima usio na dawa. Injini ya 150 kwenye mita 1,700 imeshapoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake, na hakuna jeti ya kuirudisha. Ukiwa na abiria na gunia la viazi, Mlima Nyoka ni gia ya pili.

Gia inaruka

Rekebisha kebo zake mbili kwanza. Ikiendelea kuruka, hasa gia ya pili unapoongeza resi, msalaba unaoshika gia ndani ya boksi umelika kona zake. Unauzwa bei nafuu, kuufikia ndiyo kazi. Subiri siku ya kubadilisha sili.

Imenoki kwenye mteremko

Watu wanashangaa: imepanda Kitonga salama, imekuja kunoki ikishuka. Sababu ni kwamba oili ya injini hii inakuja na petroli. Ukishuka mteremko mrefu resi imefungwa na gia imeingia, magurudumu yanaizungusha injini kwa kasi kubwa huku kabureta inatoa petroli ya silensa tu. Pistoni inakimbia na oili haiji. Kutoka juu ya Isongole kwenda Tukuyu na mpaka Kyela, au Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni, kuna nafasi ya kutosha kuikausha silinda.

Shuka na gia ya tatu, na kila baada ya kona fungulia resi kidogo kwa sekunde moja mbili ili oili ipite. Kwenye mteremko mkali zaidi shika klachi uache injini ilie silensa, lakini usiutegemee mtindo huo njia nzima, maana breki za ngoma zikichemka zinakuacha. Simama, zipoe. Kwa safari hizo mimi nachanganya mililita 25 kwa lita badala ya 20.

Na jeti. Uliyoishusha hadi 96 kwa ajili ya Mbeya ni ndogo mno kwa Kyela, ambako ni kama mita 500 tu juu ya bahari na joto lake unalijua. Tembea na ile ya 100 kwenye kiboksi cha vifaa. Simama Tukuyu, badilisha, ni kazi ya bisibisi moja. Ukirudi, irudishe.

Ukisikia mlio umebadilika kuwa wa kukereketa na nguvu inazama ghafla bila kuachia resi, shika klachi saa hiyohiyo. Usingoje tairi la nyuma lijifunge. Iache ipoe kabisa kando ya barabara, kisha izungushe kwa kiki polepole. Mara nyingi itarudi, na utafika nyumbani kwa mwendo wa pole.

Nyumbani fungua silinda usome mikwaruzo. Ikiwa upande wa ekzosi tu, ni joto: hewa ya wizi, jeti ndogo, au oili kukosekana. Ikiwa pande zote, pistoni ilikuwa imebana tangu ilipofungwa, au ilikimbizwa ikiwa mpya. Usifunge pistoni nyingine kabla hujajua ni ipi kati ya hizo.

Silinda ya 150 ni milimita 57.8 ikiwa ya kiwandani, na pistoni za saizi ya juu zinapanda kwa 0.2: 58.0, 58.2, 58.4. Nunua pistoni kwanza, ndipo uipeleke pamoja na silinda kwa mkereza vyuma, Mwanjelwa au Ipogolo, achonge kwa kuipima pistoni ileile uliyoishika. Fundi akikuambia "niachie silinda, pistoni utatafuta baadaye", chukua silinda yako. Wakati wa kufunga, mshale wa juu ya pistoni utazame ekzosi, na kwa tangi la kwanza na la pili usifungulie resi yote.